Umaskini wa Bangale Haukushuka kutoka Mbinguni

Wapenda haki, kuna usemi uliozoeleka katika ofisi za serikali, na hata katika baadhi ya mimbari zetu, ya kwamba watu wa Tana River ni maskini kwa sababu nchi yao ni kame, mvua ni haba, na wenyewe wameng'ang'ania mifugo badala ya kushika jembe. Sisi tunaukataa usemi huo, na tunaukataa kwa ushahidi. Ukame ni wa Mungu. Umaskini ni wa wanadamu, na umaskini wa Bangale una tarehe, una sahihi, tena una muhuri wa serikali. Kilichoandikwa kwa kalamu chaweza kufutwa kwa kalamu, mradi wenye haki wajue ni karatasi ipi ya kudai na ni mlango upi wa kubisha.

Bangale ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Thika na Mwingi kuelekea Garissa, katika eneo bunge la Bura. Malori yaliyosheheni mali hupita hapo yakienda na kurudi, na mali hiyo haisimami. Wenyeji wengi ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Mto Tana, ambao kaunti imepewa jina lake, uko mbali na mji, na maji hutafutwa visimani na katika mabwawa ambayo kiangazi huyakausha. Kijana aliyemaliza kidato cha nne huko ana njia chache mbele yake: kuchunga wanyama wasio wake, kuchoma makaa, kubeba mizigo, kuendesha bodaboda ya mtu mwingine, au kukaa kivulini akingojea msimu wa kampeni apewe fulana.

Tusije tukaambiwa kwamba tunatia chumvi. Uchunguzi wa bajeti za jamaa wa mwaka 2015/16, uliofanywa na Shirika la Takwimu la Taifa, ulionyesha kwamba asilimia 62.2 ya wakazi wa Tana River waliishi chini ya mstari wa umaskini, hali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 36.1. Na mstari wenyewe ulikuwa upi? Kwa mashambani, ulikuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi, yaani kama shilingi 108 kwa siku, kwa chakula, mavazi, dawa na kila kitu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti hiyo. Kila watu kumi wakikaa chini ya mti mmoja, sita kati yao hawakufikia hata kipimo hicho duni.

Sasa tuulize: karatasi hizo ziliandikwa lini, na nani?

Ya kwanza iliandikwa na mkoloni. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kutawala wilaya zilizoitwa maalumu, na Tana River ikatiwa ndani pamoja na Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, Lamu, Samburu na Kajiado. Sheria hiyo iliwapa maafisa wa utawala mamlaka ya kukamata watu na kutwaa mali ya kabila zima lililodhaniwa kuwa adui. Mfugaji ambaye utajiri wake una miguu aliwekwa chini ya amri ya mtu aliyeweza kuutwaa wote kwa neno moja. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini sheria hiyo haikuondoka na bendera ya Mwingereza. Ilidumu hadi mageuzi ya mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru.

Ya pili tuliiandika wenyewe. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliobeba jina tamu la Ujamaa wa Kiafrika, ulielekeza kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa zaidi kwa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme. Hesabu hiyo ilionekana kuwa ya busara. Lakini maana yake kwa Bangale ilikuwa hii: kwa kuwa huna barabara, hutapewa barabara, kwa kuwa huna umeme, umeme utapelekwa kwa aliye nao. Aliyenacho akaongezewa, na asiyenacho akaambiwa asubiri. Tangu hapo mwenye ng'ombe mia akahesabiwa kuwa mtu asiye na kazi, na karani mwenye meza moja akahesabiwa kuwa mjenga taifa.

Na ni kweli kwamba bonde la Tana halikuwa na cha kuzaa? Maji ya mto huo huo yalijengewa mabwawa ya umeme huko juu: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, yote kati ya miaka ya 1960 na mwaka 1988. Viwanda vya Nairobi viliwashwa kwa maji ambayo wenyeji wa chini huyaona yakiwa machache wakati wa kiangazi na mengi kupita kiasi wakati wa mafuriko. Mto ulikuwa na mali. Kilichokosekana ni karatasi ya kumtambua mwenyeji wake kuwa na fungu.

Watu wa Bura wanao mfano ulio karibu zaidi. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mradi mkubwa wa kilimo cha kunyunyizia maji. Kuanzia mwaka 1981 wakulima waliletwa kutoka pembe mbalimbali za nchi wakagawiwa vishamba vya pamba na mahindi. Mfugaji aliyezoea kuteremka mtoni nyakati za ukame alikuta malisho yake yamepimwa. Kabla ya mwisho wa mwongo huo mradi ulikuwa umedorora, familia zilizoletwa zikabaki na madeni na mifereji mikavu, na mwenyeji hakurudishiwa njia yake. Maskini wawili waliachwa wakitazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemwibia.

Hapa ndipo penye hatari. Umaskini usiojulikana chanzo chake humtafuta jirani wa kumlaumu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika Delta ya Tana, Wapokomo na Waorma, wakiwemo wanawake na watoto. Waligombania maji, malisho na madaraka, vitu ambavyo Serikali ingaliweza kuvigawa kwa haki lau ingalitaka. Anayesema kwamba habari ya ajira na kipato ni jambo la wachumi peke yao, na ayatazame makaburi hayo.

Hatusemi kwamba hakuna lililobadilika. Kizazi kilichodai kufutwa kwa Kifungu cha 2A, kikafaulu Desemba 1991, hakikudai vyama vingi ili tuwe na rangi nyingi za fulana. Kilidai serikali inayojibu. Katiba ya 2010 ndiyo tunda la madai hayo, na ndani yake mna karatasi zinazopingana na zile za 1934 na 1965. Kifungu cha 56 kinaiagiza Serikali iwape watu wa jamii zilizotengwa nafasi maalumu za elimu na za ajira. Kifungu cha 204 kimeunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipotaja kaunti 14 za kwanza kunufaika, Tana River ilikuwamo.

Lakini sheria nzuri kabatini ni kama kisima kilichofungwa kufuli. Fedha za Hazina hiyo zilikwama kwa miaka, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikabatilisha mwongozo uliotumiwa na Serikali ya Kitaifa kuziendesha. Wakati wakubwa wakibishana nani ashike mfuko, ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo kaskazini na mashariki mwa nchi, msimu baada ya msimu. Mfugaji anapoteza mara mbili: bei ya ng'ombe aliyekonda huanguka siku ile ile bei ya unga inapopanda. Shirika la nyama la taifa, KMC, ambalo lingemnunulia mnyama kabla hajafa, lilifungwa kwa miaka mingi kabla ya kufunguliwa tena mwaka 2006, na hadi leo mnunuzi wa serikali huonekana janga likiisha kuingia. Mifugo ya mtu wa Bangale ndiyo benki yake, na benki hiyo huachwa ife njaa mbele ya macho ya wote.

Kwa hiyo hatuna budi kuacha kulia na kuanza kudai. Tunapendekeza mambo manne, na kila moja lina sheria nyuma yake.

Kwanza, majina. Kila idara ya kaunti na kila kampuni iliyopewa kandarasi ya umma ijulikane imeajiri nani, na ametoka wadi gani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziwaendee watu wasiotoka katika kabila lililo kubwa katika kaunti. Nani amewahi kuiona hesabu hiyo? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuiomba, kwa Kiswahili akipenda, na ofisi yapaswa kumjibu katika muda usiozidi siku 21. Asiyejua kuandika hana sababu ya kurudi nyuma, kwa maana sheria inamtaka afisa amsaidie. Ofisi ikikaa kimya, malalamiko yapelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Pili, ujira. Vijana wanaoitwa vibarua barabarani na machimboni wasidanganywe. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua wa siku alipwe siku yake inapokwisha, na kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, yeye si kibarua tena bali ni mwajiriwa mwenye haki za mwajiriwa. Torati iliamuru ujira wa maskini usilale usiku kucha mikononi mwa tajiri, na ndugu zetu Waislamu wamefundishwa kwamba mtenda kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Sheria ya nchi, msikiti na kanisa vimekubaliana. Anayepinga ni nani?

Tatu, mifugo ihesabiwe kuwa kazi. Bajeti ya kaunti ionyeshe wazi ni shilingi ngapi zimetengewa chanjo, maji ya mifugo, masoko, na ununuzi wa mapema kabla ya ukame kukomaa. Mikutano ya bajeti ni haki ya raia. Wenye ng'ombe na waende, wasiwaachie wenye suti.

Nne, Hazina ya Usawazishaji ipewe hesabu ya hadharani: mradi gani, mahali gani, mkandarasi nani, umekamilika au haukukamilika. Katiba iliipa Hazina hiyo miaka 20 tu, isipokuwa Bunge likiiongezea. Miaka inayokwenda bila kisima kuchimbwa hairudi.

Wako watakaosema kwamba tunachochea. Wale wale walisema hivyo kila mara maskini alipouliza hesabu. Sisi twasema uchochezi mkubwa ni kumwacha kijana mwenye cheti akae miaka bila kazi, kisha kumshangaa anapokodiwa na wanasiasa kurusha mawe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mwenye njaa anamjua sana mwenye shibe, na anamhesabia siku.

Kwenu ninyi waumini, tuna neno la mwisho. Wengi wa watu wa Bangale husali msikitini, na wengi wenu mnaosoma ukurasa huu husali kanisani. Hilo lisiwe kisingizio cha kukaa mbali. Njaa haiulizi dini ya mtu. Kila parokia, kila ushirika na kila kamati ya haki na amani ichague watu wawili au watatu wanaojua kusoma na kuandika, wakae pamoja na maimamu na wazee wa Bangale, Bura, Hola na Garsen, waandike barua moja ya kuomba orodha ya walioajiriwa na ya kandarasi zilizotolewa. Nakala yake isomwe Ijumaa na Jumapili, na siku 21 zianze kuhesabiwa mbele ya watu wote.

Barua hiyo haihitaji wakili wala nauli ya Nairobi. Yahitaji kalamu, sahihi za watu wasioogopa, na uvumilivu wa kurudi katika ofisi ile ile mara ya pili na ya tatu. Waliotuandikia umaskini hawakuchoka kuandika. Nasi tusichoke kudai jibu.