Kisa cha Ukoo Juu ya Kitambaa cha Vyombo

Lau mtu angeichapa Ayatul Kursi juu ya kitambaa cha kufutia sahani, akakitundika dukani kikauzwa, tungenyamaza? Msiba wa namna hiyo ulimfika marehemu Wandjuk Marika, mchoraji wa watu wa Yolngu huko Yirrkala, kaskazini mwa Australia.

Yapita nusu karne sasa tangu mzee huyo, akiwa safarini katika visiwa vya Torres, alipoiona picha yake imechapwa juu ya kitambaa cha kukaushia vyombo. Hakuombwa idhini. Lakini si senti zilizomuuma. Kisa kilichomo kwenye picha ile alikabidhiwa na baba yake, na kwao hapana mwengine ambaye angethubutu kukichora bila ya ruhusa. Akaingiwa na huzuni hata mkono ukakataa kuchora kwa miaka mingi.

Ukoo wake una kisa kikubwa cha Djang'kawu, wahenga waliokuja kwa mtumbwi kutoka mashariki, wakatua Yalangbara, wakachoma ardhi kwa fimbo zao, na maji yakatoka. Kwao hicho si kisa cha kulazia watoto. Ni nasaba, ni ibada, na ndiyo hati yao ya ardhi.

Atasema mtu, hao si watu wa Kitabu, yatuhusu nini? Waama, mabaharia Waislamu wa Makassar walikuwa wakiwaendea kwa pepo za msimu kutafuta jongoo wa bahari, hadi mwaka 1907, kama majahazi yalivyotujia sisi na kaskazi. Neno lao la fedha ni rrupiya; bibi zetu wangelifahamu. Lakini hata kama pasingekuwa na ujirani huo, ajuaye utukufu wa kitu chake hakosi kujua uchungu wa mwenziwe.

Mwaka 1994 mahakama ya Australia iliwapa haki wachoraji ambao picha zao zilifumwa katika mazulia yaliyotengenezwa Vietnam. Miongoni mwao alikuwa Banduk, dadake Wandjuk. Mambo matukufu ya ukoo yakawa ya kukanyagwa kwa viatu!

Leo vipo vitambaa vya jikoni, aproni na vya kuepulia sufuria, vilivyochapwa kwa idhini, vyenye jina la mchoraji na la kwao, naye akapata fungu lake. Hivyo hatuna ugomvi navyo, kwani wenyewe ndio walioamua kisa kipi kitoke nje na kipi kibaki ndani. Basi msomaji aliye na mwana Perth au Sydney, akiletewa zawadi kama hiyo, na akitazame kwanza: jina lipo?

Na tukisha kutazama cha wenzetu, tutazame na leso zetu. Yale maneno tunayoyaita jina la leso yalitungwa na mtu, pengine mama mmoja wa Mji wa Kale ambaye hakupata hata doti moja. Ukingoni husomi ila jina la mwenye duka.