Punda wa Kondele Naye Apewe Kitabu Chake

Ndugu zangu wa Kondele, Kisumu,

Mimi huku Newmarket, mashariki mwa Uingereza, nafanya kazi na farasi. Kila nikipiga simu nyumbani mnaniuliza kama ni kweli farasi hupanda ndege. Ni kweli, hupanda. Lakini hamjawahi kuniuliza kuhusu makaratasi, na makaratasi ndiyo yanayonila siku nzima. Farasi mwenyewe hana matata. Ukimpa nyasi, ametulia.

Kila farasi hapa ana pasipoti, na sisemi kwa mzaha. Ni kitabu kamili. Ndani kuna mchoro wa mnyama aliyetazamwa kutoka kila upande, na daktari wa mifugo huujaza kwa kalamu: baka jeupe hapa, kovu pale, na mahali nywele zinapojizungusha kwenye paji la uso, kwa sababu hapo farasi hutofautiana. Kuna kurasa za chanjo. Kuna ukurasa unaosema kama nyama yake inaruhusiwa kuliwa au la. Shingoni, upande wa kushoto, mnyama huwekewa chipu ndogo kama punje ya mchele, yenye namba ya tarakimu 15, na namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kitabuni. Akisafiri, kitabu kinasafiri naye. Akiuzwa, mnunuzi ana siku 30 za kuwajulisha waliokitoa. Akifa, kitabu hurudishwa kwao ili asije mwingine akakivaa.

Na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kitabu hicho si hati ya umiliki. Hakisemi farasi ni mali ya nani. Kinasema farasi ni yupi. Wenye mali hubadilika mara tano, mnyama anabaki yuleyule.

Kuvuka mpaka ni hadithi nyingine. Hadi mwisho wa 2020, farasi wa mbio alitoka hapa hadi Ufaransa au Ireland bila jasho, kwa mapatano ya nchi hizo tatu. Uingereza ilipokamilisha kujitoa Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2021 mambo yakageuka. Sasa apimwe damu kuthibitisha hana ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu. Daktari aliyeidhinishwa na serikali ajaze cheti cha afya, na kama lori linapitia bandari ya Calais, Ufaransa, kiwe na Kifaransa pia. Sahihi na mhuri viwe vya rangi tofauti na ya maandishi yaliyochapwa. Sentensi isiyomhusu mnyama huyo ikatwe kwa mstari, kisha daktari aweke sahihi na mhuri kando yake. Asipokata sentensi moja, farasi wa mamilioni anasimama ndani ya lori akitafuna nyasi huku watu wazima wakipigiana simu.

Nilipoanza niliona ni ushamba wa makarani. Siku hizi naona maana yake, hasa nikikumbuka pundamilia wetu. Kuna ugonjwa uitwao ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi wadogo wanaouma jioni. Pundamilia anaweza kuubeba damuni asionekane mgonjwa. Farasi akiupata, mara nyingi anakufa. Mwaka 1987 pundamilia walitolewa Namibia wakapelekwa kwenye hifadhi karibu na Madrid, na ugonjwa ukatikisa Hispania kwa miaka kadhaa. Mwaka 2020 uliingia Thailand ukaua mamia ya farasi; huko nako pundamilia walioagizwa kutoka nje walishukiwa. Ndiyo maana nchi zisizo na ugonjwa huo zinawachukulia farasi wa kwetu kwa tahadhari kubwa: karantini, vipimo, au mlango kufungwa kabisa. Binamu yangu aliyetaka tununue farasi waliostaafu pale Ngong Racecourse tuje kuwauza huku, omera, tafuta biashara nyingine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Sheria ya huku haimtazami farasi wa tajiri peke yake. Punda naye lazima awe na pasipoti na chipu. Wale punda wa mji wa Blackpool wanaobebeshwa watoto ufukweni, ambao halmashauri imewaamulia wapumzike kila Ijumaa, kila mmoja ana kitabu chake. Punda wa Kondele anayevuta maji na mchanga akipandisha kwenda Mamboleo, anayelisha nyumba na kulipa karo, hana hata kipande cha karatasi.

Mtaniambia Kenya tuna kibali cha kusafirisha mifugo. Tunacho, na sheria inakataza mifugo kusafirishwa usiku, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Lakini kibali kile ni cha safari. Kinataja idadi, kinataja kutoka wapi kwenda wapi, na safari ikiisha kimeisha kazi. Punda wa mjane wa mtaa wa Manyatta akichanganywa na wengine kumi, nani atamtoa?

Mnakumbuka miaka ile ya vichinjio vya punda, Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa. Watu waliamka wakakuta kamba imekatwa, na kichakani mzoga umechunwa. Februari 2020 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, akapiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaifuta marufuku hiyo. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia bara zima kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Ni vizuri, lakini azimio hilo la Addis Ababa halilindi boma usiku.

Wala msidhani karatasi ni dawa ya kila kitu. Mwaka 2013 nyama ya farasi ilikutwa Ulaya ndani ya vyakula vilivyoandikwa kuwa nyama ya ng'ombe, na ikajulikana kwamba pasipoti za farasi zilikuwa zikighushiwa. Uingereza haikuchoma vitabu. Ilikaza chipu, na kuanzia Oktoba 2020 hata farasi mzee wa hapa England alitakiwa kuwa nayo.

Kwetu hatuhitaji kuanzia kwenye chipu. Kazi ya mifugo ni ya kaunti tangu 2013. Mwakilishi wetu wa wadi ya Kondele, nakuomba upeleke hoja pale bungeni Kisumu: kila punda awe na alama na daftari lenye picha ya kila ubavu, chanjo zake na sahihi ya daktari wa mifugo, na nakala ibaki ofisini kwake. Kichinjio au soko lisipokee mnyama asiye na daftari. Nanyi wenye punda, msingoje bunge. Simu mnazo. Mpigeni picha leo, ubavu kwa ubavu, uso na makovu, muitume kwa watu watatu mnaowaamini, kisha mwende kwa chifu na daktari wa mifugo mkaandikiwe. Ada ya daktari ikiwashinda, niambieni. Gharama ya punda kumi wa kwanza nitaibeba mimi.