Nyota Wasiokabana

Tarehe 18 Februari 2024, mjini Indianapolis, timu ya Mashariki iliilaza ya Magharibi kwa alama 211 kwa 186 katika mchezo wa nyota wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu nchini Marekani. Tangu mchezo huo uasisiwe Boston mwaka 1951, hapakuwa na timu iliyowahi kufikia alama 200. Jumla ni alama 397 kwa dakika 48, yaani zaidi ya nane kila dakika! Wapo walioona fahari. Kwa maoni yangu, nyingi zilikuwa alama za hisani: mshambuliaji alipita huku mlinzi akimpisha kama mgeni mlangoni.

Watetezi hudai kuwa ni muhali mchezaji anayelipwa mamilioni ya dola ahatarishe goti lake katika tamasha. Hoja hii ina uzito, lakini Chicago inaikanusha. Huko, tarehe 16 Februari 2020, wiki tatu baada ya kifo cha Kobe Bryant, robo ya mwisho ilichezwa bila saa. Mshindi angekuwa wa kwanza kufikia alama 157: zile 133 za timu iliyoongoza, zikaongezwa 24, nambari ya jezi ya marehemu. Tahamaki, nyota wakakabana kufa kupona. Kyle Lowry alisimama imara agongwe ili mpinzani ahesabiwe kosa. Timu ya LeBron James, iliyokuwa nyuma kwa alama tisa, ikashinda 157 kwa 155 kwa mtupo huru wa Anthony Davis. Magoti yalikuwapo siku hiyo pia.

Sisi wanafasihi tunalifahamu jambo hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuwapisha malenga wa Lamu, wala wao hawakumpisha. (Makongamano yetu, ambamo kila makala hupigiwa makofi pasi na swali, nayaacha kwa siku nyingine.)

Yamkini msomaji atasema dawa ni kanuni ile ya Chicago. La hasha! Ilidumu hadi Salt Lake City mwaka 2023, na matokeo yakawa 184 kwa 175, bila ukabaji wa kutajika. Kilichowasukuma Chicago ni marehemu waliyetaka kumheshimu. Mashabiki, ambao kura zao ni nusu ya uzito katika kuwateua wanaoanza mchezo, wangali hai, nao wanastahili heshima hiyo hiyo.