Kaburi Twalichimba Bure, Kiota cha Kasa Twadai Posho

Leo nina neno, na neno hili limenikaa kooni tangu kusi ya mwaka jana. Watu wa pwani tumesahau maana ya kujitolea. Siku hizi ukimwita mtu kwenye kazi ya heri, kabla hajauliza kazi yenyewe ni ipi, ameshauliza bahasha iko wapi.

Sikilizeni yaliyonikuta. Katika kijiji kimoja kusini ya Dar es Salaam, ambacho sikitaji kwa kuwa nina wakwe kule, uliitishwa mkutano chini ya mkwaju. Jambo lenyewe dogo: watu wapokezane kupita ufukweni usiku wa bamvua, kuwalinda kasa wanaopanda kutaga. Kijana mmoja, mikono imejaa misuli kama kamba ya nanga, akanyoosha kidole: "Mzee, posho shilingi ngapi? Na fulana zipo?" Watu wakacheka, nami nikacheka nikidhani ni utani. Kumbe mwenzangu yuko kazini. Majina 30 yakaandikwa daftarini. Usiku ulipofika tulitoka wanne: bibi mmoja mvuvi wa pweza, mjukuu wake wa darasa la sita, mwalimu wa shule ya msingi, na mimi mwenye magoti mabovu.

Nawauliza, enyi waungwana: jirani akifa, nani hudai posho ya kuchimba kaburi? Hakuna. Majembe hutoka yenyewe majumbani, na vijana hunyang'anyana zamu. Mashua mpya ikishushwa majini, kijiji kizima hushika kamba, na malipo ni kahawa na kashata. Huo ndio uungwana wetu, na sijui watu wengine wanaotushinda kwa hilo. Basi imekuwaje shimo la aliyekwisha kwenda tulichimbe bure, na shimo la kiumbe anayekuja duniani tulitozee ada?

Wako watakaonijibu kwamba mkono mtupu haulambwi. Nakubali. Anayeukesha ufukwe kila siku, mvua na jua, alipwe, tena alipwe vizuri. Kisiwani Mafia, tangu 2001, wanakijiji wamekuwa wakipewa zawadi ndogo kwa kuonyesha kiota na kukitunza mpaka watoto watoke, na walioiba mayai jana wakawa walinzi leo. Hilo silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni mtu mzima, mwenye afya aliyopewa bure na Mola wake, kushindwa kutoa usiku mmoja kwa mwezi bila kuuliza nauli ya kutoka kitandani kwake mpaka pwani.

Na aibu kubwa zaidi ni hii. Vijana wa Ulaya hukata tiketi kwa fedha zao, wakaja Watamu kule Kenya na Mafia kuokota taka ufukweni na kuhesabu nyayo za kasa. Wanalipa ili wafanye kazi! Sisi tunakaa barazani tukisema, "Hawa wageni hawana shughuli kwao." Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji alale. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na anayetegemea mgeni amlindie bahari yake, siku mgeni akipanda ndege atabaki na nani?

Hapa nitoke njiani kidogo, mniwie radhi, maana nikinyamaza nitapasuka. Nilimuuliza mwanafunzi wa sekondari, mzaliwa wa pwani, mnyama yule anaitwaje. Akanijibu kwa Kiingereza. Nikamwambia, kwa Kiswahili. Akasema, "Kobe wa baharini." Lo! Kobe ni wa nchi kavu, ana miguu ya kutembelea. Wa baharini ni kasa, mwenye mapezi ya kuogelea. Tena wazee wetu hawakuridhika na jina moja. Katika maji haya wamo kasa wa aina 5, na kila aina ina jina lake: kasa wenyewe, ng'amba mwenye mdomo kama wa mwewe, duvi, kigome, na noa asiye na gamba gumu, mkubwa kuliko wote. Utamlindaje usiyemjua jina? Mwacha asili ni mtumwa. Na ng'amba huyo, ambaye gamba lake limesakwa karne nyingi kwa kutengenezea vitana na visanduku, leo yumo katika orodha ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka duniani.

Nirudi ufukweni. Usiku ule, maji yakiwa yamejaa, mjukuu ndiye aliyeona wa kwanza: alama juu ya mchanga kama za tairi la trekta. Tukalala kifudifudi, taa zimezimwa. Kasa akafika karibu na mstari wa mwani, akashusha pumzi nzito kama mzee anayepanda ngazi, akaanza kuchimba kwa mapezi ya nyuma, la kulia, la kushoto, la kulia, la kushoto, akiteka mchanga na kuutupa kama mtu mwenye upawa. Machozi yalikuwa yakimtoka. Wataalamu wanasema ni chumvi anayoitoa mwilini. Bibi anasema kila mama anayezaa hulia. Sikuona sababu ya kuwagombanisha.

Kasa alipokwisha kurudi baharini, bibi akapima kwa jicho: kiota kimekaa chini mno, bamvua litakizamisha. Yeye amefunzwa kazi hiyo. Akachimba shimo jipya juu zaidi, refu kama mkono mpaka kwapani, akaanza kuyahamisha mayai, meupe, laini, mviringo kama mipira ya tenisi ya mezani. Nilipotaka kusaidia kwa pupa akanishika kiganja: "Baba, usiligeuze. Yai la kuku mama yake huligeuza, la kasa ukiligeuza umeliua." Mayai 118, moja moja, juu likabaki juu na chini likabaki chini. Mwanamke yule alikuwa ameshinda kutwa mwambani akitafuta pweza, na asubuhi angerudi mwambani. Hakuna aliyempa fulana.

Mola huyu wetu, tumwombaye misikitini na makanisani, ametupa viumbe hawa kuwa amana. Na amana hii ni ya muda mrefu: inakadiriwa kwamba katika watoto 1,000 wa kasa, huenda akakua mmoja tu, na huyo huchukua miaka 20, 30, hata zaidi ndipo arudi pwani za kwao kutaga. Anayefukua kiota leo kwa sababu ya kitoweo anamnyang'anya mjukuu ambaye hajazaliwa. Naye hujitetea: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Na kitoweo chenyewe kina hatari. Tunakumbuka kwa majonzi kisiwa cha Panza, Pemba, Machi 2024, watoto 8 na mtu mzima 1 walipofariki baada ya kula nyama ya kasa, maana mara nyingine nyama yake huwa na sumu, na kuipika hakuiondoi. Mungu awarehemu. Msiba ule ungetosha kuwa mwalimu.

Siku 58 zikapita tangu tuhamishe mayai yale. Jua lilipozama, mchanga ukatikisika na vichwa vidogo vikachomoza. Hapo ndipo mngewaona watu wa daftari! Wamekuja na simu, taa zinawaka kama harusini, kila mtu anataka picha akiwa na kasa kiganjani, dunia ijue kwamba yeye ni mlinzi wa mazingira. Hawakujua kwamba kasa mchanga hufuata mwanga, akidhani ndio weupe wa bahari. Wale wadogo wakageuka, wakaanza kupanda nchi kavu, kwenye kaa na kunguru.

"Kaka, zima!" Aliyepiga kelele ni yule mjukuu wa darasa la sita. Na aliyeambiwa ni yule kijana wa posho.

Nami niseme haki, kwa kuwa nimemsema sana. Alizima. Akatazama chini, akaona watoto wa kasa wametumbukia katika nyayo za viatu vyake, kila unyayo kwao ni bonde, wanahangaika kutoka. Akapiga magoti, akaanza kuusawazisha mchanga kwa viganja, kutoka kiotani mpaka majini, kimya, mpaka wa mwisho akachukuliwa na wimbi. Hakuuliza shilingi ngapi.

Daftari bado liko kwa mwalimu. Majina 30, na tuliotoka tulikuwa wanne. Deni ni deni, na bamvua lijalo haliko mbali. Wadaiwa walikuwa 26. Tangu usiku ule nahesabu 25.