Nauli ni ileile

Mhariri,

Mjukuu wangu ana usonji. Kila Jumanne mama yake huvuka naye kwa kivuko kutoka Kamanga hadi Mwanza, kwenye kituo cha tiba ambacho sikitaji. Mtaalamu wa kwanza alikuwa akiketi naye sakafuni, anashika kigari cha plastiki karibu na mdomo wake mwenyewe, anasubiri. Mtoto aliposema "ga", alipewa palepale. Baadaye akaja mwingine: macho kwenye simu, kigari anakabidhi tu, saa imekwisha. Nauli ni ileile!

Tunahesabiwa vipindi, nani anakagua namna vinavyoendeshwa? Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto kama huyu. Wizara ya Afya iyalete huku Sengerema, tujue hata sisi cha kufanya nyumbani siku sita zilizobaki.

Bibi,
Kamanga