Fuga minyoo, risiti ya taka idai

Makamanda, leo naombeni tuongee habari ya maganda ya ndizi. Msicheke.

Angalia kiroba cha taka cha nyumba yoyote hapa Dar: maganda, machicha ya nazi, majani ya chai, mabua ya mchicha. Tunalipia ushuru, tunasubiri gari. Lisipopita wiki mbili na mvua ikanyesha, yale maji yake mnayajua. Likipita, linakwenda kumwaga Pugu Kinyamwezi, yakaozee mlangoni kwa wenzetu. Na hii si ya jana. Wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji mwaka 1988 kwa sababu ya dampo, wakashinda. Taka zikaishia Kunduchi Mtongani. Huko nako wananchi wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakashinda. Baadaye Vingunguti, kisha Mtoni, sasa Pugu. Miaka yote hiyo kazi imekuwa kuhamisha uvundo tu, siyo kuupunguza.

Kuupunguza kunaweza kuanzia uani kwako. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, toboa matundu chini na ubavuni, weka magazeti yaliyochanwa na kuloweshwa, tia minyoo wekundu. Siyo wale wa kuchimba shambani. Hawa wanakaa juu juu kwenye samadi kuukuu, muulize mfugaji wa ng'ombe. Wape mabaki kidogo kidogo na uyafukie. Nyama, mafuta, ndimu na pilipili, hapana. Adui mkubwa hapa kwetu ni joto, ndoo ikikaa juani wanakufa wote. Ikinuka, ujue umewalisha kupita kiasi. Miezi kama mitatu hivi unavuna mboji nyeusi, safi kwa mchicha wa kwenye viroba.

Kuna kamanda atauliza: kwa hiyo tunaifanyia halmashauri kazi bure? Hata kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imewapa wao jukumu la taka ngumu, na ndoo yako haiwaondolei. Ila anayetenganisha taka zake anajua kiroba kinajaa baada ya siku ngapi na gari limepita mara ngapi. Huyo mtendaji hamdanganyi kirahisi. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni na risiti zenu mkaulize: mwezi ule ambao gari halikuonekana kabisa, hela yetu ilizoa taka za nani?