Simba Mwene na Zile Asilimia 51

Julai ni mwezi wa ukungu huku kwetu. Ikifika saa kumi na mbili jioni, mtu asiye na koti hana sababu ya kukaa nje, na ndiyo maana mabanda ya kuonyeshea mpira, kuanzia Mombo chini barabarani hadi Lukozi na Mlalo huko juu, hujaa hata siku ambazo hakuna mechi. Julai hakuna ligi. Kuna usajili. Watu hukaa wakabishana nani amesaini, nani ameonekana uwanja wa ndege, nani ameaga kwenye ukurasa wake, na kwa yakini nimesikia hoja za kisheria katika mabanda hayo ambazo baadhi ya wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wasingeweza kuzijenga.

Katika jioni moja ya namna hiyo, pale Soni, mzee mmoja mkulima wa kabichi alinigeukia katikati ya ubishi. Nilikuwa nimemwamkia nilipoingia, na alikuwa ameshaarifiwa kwamba nafundisha chuo kikuu.

"Mwanangu," akasema, "wewe umesoma mpaka mwisho. Hebu niambie, Simba ni ya nani?"

Nikamjibu kama ninavyojibu darasani: kwa mujibu wa kanuni za nchi, wanachama wanapaswa kuwa na asilimia 51, na wawekezaji asilimia 49. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

"Mimi nimeipenda toka ikiitwa Sunderland. Katika hizo 51, yangu iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Klabu hiyo iliacha kuitwa Sunderland mwaka 1971, kwa hiyo mzee yule ameitumikia kwa moyo wake zaidi ya nusu karne. Hana kadi. Hajawahi kupiga kura katika mkutano mkuu wowote. Wala kama angekuwa na kadi sijui angeshika karatasi gani nyingine inayoonyesha kwamba sehemu fulani ya Simba, hata iwe ndogo kama punje ya haradali, ni mali yake.

Nianze na hofu zinazosikika zaidi, kwa kuwa si hofu za kipuuzi. Shabiki wa Simba aliyeamka Julai 2024 na kumkuta Clatous Chama amevaa jezi ya Yanga ana haki ya kuhuzunika. Shabiki wa Yanga aliyemwona Fiston Mayele akienda Pyramids ya Misri mwaka 2023 vivyo hivyo. Na sakata la Feisal Salum lilitufundisha sote. Mwishoni mwa 2022 kijana aliwarudishia Yanga shilingi milioni 112 akiamini amejinunua, kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na shauri likaendelea hadi Rais Samia alipowaomba viongozi wa Yanga walimalize, katika hafla ya Ikulu ya Juni 2023. Baada ya hapo alikwenda Azam. Nilifurahi kwa ajili ya kijana, lakini kama mwalimu wa mambo ya utawala nilifadhaika. Ikiwa mkataba wa mcheza mpira unahitaji neno la mkuu wa nchi ili ufumbuke, basi kuna ngazi kadhaa katikati ambazo hazifanyi kazi.

Hata hivyo, mchezaji kuondoka ni jambo la kawaida. Mpira wa kulipwa umejengwa juu yake, hasa tangu hukumu ya Bosman ya Desemba 1995. Kinachonikera ni kwamba shabiki anajua kwa siku na saa mkataba wa winga utakapokwisha, ilhali hajui klabu yenyewe imeandikwa kwa jina la nani.

Hapa niruhusu, msomaji, nirudi nyuma kidogo katika historia ya milima hii. Mfalme wa Shambaai aliitwa Simba Mwene. Ni jina la enzi lililotangulia klabu ya Kariakoo kwa miaka mingi, na Mswahili hahitaji mkalimani kusikia kwamba *mwene* iko karibu sana na *mwenye*. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa na wazee wetu kwa miaka, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 jinsi Washambaa walivyofikiri juu ya mamlaka. Mfalme asiye na mpinzani huiona nchi kuwa mali yake, kwa hiyo huitunza. Mvua hunyesha, na hali hiyo ni *kuzifya shi*, kuiponya nchi. Wakitokea wenye nguvu wawili wanaoshindana, nguvu kwa nguvu, jua huchoma mazao, na hiyo ni *kubana shi*.

Nikiwasikiliza mashabiki wa leo nasikia fikra hiyohiyo. "Timu ipewe tajiri mmoja, wazee wa kamati waondoke, makombe yatakuja." Wanamtaka mleta mvua. Na siwacheki, maana utawala wa wanachama tumeuonja na ulikuwa na uchungu wake. Ugomvi wa miaka ya 1970 ndani ya Yanga ulizaa klabu nyingine kabisa, Pan African. Tumeona mikutano mikuu iliyoishia kwa viti kurushwa, na wanachama ambao kadi zao zililipiwa na wagombea wiki moja kabla ya uchaguzi. Atakayeniambia kwamba enzi za wanachama watupu zilikuwa za dhahabu, nitamwomba akumbuke vizuri.

Lakini wazee wetu walijua pia sehemu ya pili ya hadithi. Kimweri ye Nyumbai, mkubwa kuliko wafalme wote wa Shambaai, alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1860. Semboja, kutoka Mazinde kule tambarare, palipopita misafara na bunduki, hakukubali mrithi aliyekaa Vugha. Ikawa vita, na watu wa milima hii wakakamatwa na kuuzwa. Mvua yote ilikuwa imefungwa katika mwili wa mtu mmoja.

Yanga waliyaona haya bila kuhitaji kitabu. Yusuf Manji alikuwa mwenyekiti kuanzia 2012, makombe yakaja, nyota wakaja. Mei 2017 akajiuzulu. Misimu miwili iliyofuata klabu kongwe kuliko zote kubwa za nchi hii ilikuwa ikitembeza bakuli kwa mashabiki ili wachezaji wale, na Simba ikachukua ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Kisha ikaja GSM, na mvua ikanyesha tena Jangwani. Nawapongeza. Ila nauliza alichouliza mzee wa Soni: siku GSM wakichoka, kitakachobaki kimeandikwa wapi?

Upande wa pili, wanachama wa Simba walimchagua Mohammed Dewji kuwa mwekezaji tarehe 3 Desemba 2017, kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Ilizungumzwa nusu kwa nusu, Serikali ikasema hapana, wanachama wasipungue asilimia 51. Ulikuwa uamuzi mzuri, na naungana nao hadi leo. Septemba 2021 Dewji aliachia uenyekiti wa bodi, Juni 2024 akarudi, na mara zote mbili mashabiki wengi walijua hali ya klabu yao kwa kusoma maandishi ya mtu mmoja mtandaoni. Asilimia 51 isiyo na daftari la wanachama linaloweza kukaguliwa, isiyo na hesabu zinazotangazwa kila mwaka, isiyo na matawi yanayotuma wajumbe kwa utaratibu unaoeleweka, ni namba tu. Wajerumani, ambao waliwahi kuuita mji wetu wa Lushoto Wilhelmstal, wana kanuni inayofanana na yetu tangu 1998: wanachama wabaki na kura zaidi ya nusu. Tofauti ni kwamba kule mwanachama wa kijijini ana namba yake, hupokea taarifa ya fedha, na huweza kusimama mkutanoni akapinga bei ya tiketi.

Nje ya Kariakoo na Jangwani mambo ni mazito zaidi, ingawa yanazungumzwa kidogo. Ihefu ya Mbarali ndiyo iliyovunja mwendo wa Yanga wa mechi 49 bila kufungwa, Novemba 2022, pale Highland Estates. Wakulima wa mpunga walikuwa na timu ambayo nchi nzima iliitaja. Mwaka 2024 timu hiyo ilihamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Timu iliyokuwa Singida kabla yake nayo ikaenda Babati kwa jina la Fountain Gate. Kitayosce ya Kilimanjaro iligeuka Tabora United, na mwaka 2025 Tabora United ikageuka TRA United. Hakuna aliyevunja sheria, kwa kadiri ninavyoelewa. Lakini mtoto wa Ubaruku aliyeshangilia bao dhidi ya Yanga, leo ashangilie nani? Uingereza walipoihamisha Wimbledon kwenda Milton Keynes, mashabiki waliobaki walianzisha klabu yao wenyewe mwaka 2002, nao wapo hadi leo. Sisi tulihamisha timu tatu au nne na watu wakahamia kwenye banda.

Ninyi wasomaji wangu mlioajiriwa serikalini mtaniambia kwamba dawa ni taasisi za umma: KMC, Dodoma Jiji, Mbeya City, Pamba Jiji, majeshi, na sasa mamlaka ya mapato. Nakiri kwamba timu ya halmashauri ina jambo moja jema: fedha zake hupita kwenye kikao cha madiwani, kuna muhtasari, na mkaguzi anaweza kuuliza. Angalau najua mlango wa kubisha. Hofu yangu ni kwamba mapenzi ya mkurugenzi kwa mpira huhamishwa pamoja na mkurugenzi.

Sasa nije kwenye jambo linalotugusa sisi wa milimani moja kwa moja. Mkulima wa Usambara anaijua lumbesa. Gunia la viazi linajazwa, linashonewa kofia juu, linapanda hadi linakaribia kuwa gunia na nusu, na linahesabiwa gunia moja. Kinachozidi ni cha dalali. Vijana wetu wanaocheza mpira wanaondoka milimani kwa lumbesa. Namfahamu mmoja wa kijijini kwetu aliyechukuliwa akiwa na miaka 16 na mtu aliyejiita wakala. Mwalimu aliyemlea tangu akiwa na miaka 11, kwa mipira aliyoinunua kwa mshahara wake, hakuulizwa hata jina.

Na hapa kuna fedha halisi. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya msimu wa miaka 12 na wa miaka 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia ya bei yote, na kila msimu wa 16 hadi 23 una nusu asilimia. Kijana akiuzwa kwa euro milioni 1, klabu iliyokuwa naye kuanzia miaka 12 hadi 17 inastahili euro 20,000. Hiyo ni nyumba ya kubadilishia nguo, nyavu na mipira ya miaka mingi. Lakini klabu hiyo lazima iwe mwanachama halali wa mfumo wa chama cha soka, na jina la mtoto liwe limesajiliwa msimu kwa msimu. Pasipo usajili, kwa macho ya FIFA, kijana huyo alianza kucheza siku aliyofika Dar es Salaam.

Hata klabu kubwa ya mkoa wetu inapata tabu. (Nitangaze maslahi: mimi ni wa Coastal Union, na kwa kuwa ubingwa wetu ni wa mwaka 1988, sina sababu ya kumringia mtu.) Katikati ya 2024 Simba ilimtangaza beki wetu Lameck Lawi, Coastal ikasema biashara haijakamilika, na mashabiki pande zote mbili wakashinda wiki nzima wakitukanana kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna kati yao aliyeiona. Kama Mkwakwani ni hivyo, Mtae itakuwaje?

Nilimwambia mzee wa Soni sehemu ya haya, kwa maneno machache. Hakuvutiwa sana na FIFA. Alichotaka kujua ni kama mjukuu wake, anayecheza kwenye timu ya kijiji, ameandikwa mahali popote. Siku iliyofuata tulikwenda pamoja uwanjani, ambao ni shamba la shule lililoinama upande mmoja. Mwalimu wa timu ana daftari la kaunta buku lenye majina 31, tarehe za kuzaliwa, na jina la mzazi wa kila mmoja. Tulihesabu: 14 hawana vyeti vya kuzaliwa, na bila cheti usajili wa wilaya hauendi. Jumatatu wazazi wao watateremka mjini kuvifuatilia. Timu yenyewe bado haina katiba wala jina lililosajiliwa, na hiyo kazi nimepewa mimi.